Kutafuta Wakala wa Riwaya Ukiwa Wete

Maalim aliyenisomesha Kiswahili skuli alichapisha diwani yake Nairobi bila ya kupitia kwa mtu. Alitia mswada kwenye bahasha, akaupeleka posta ya Wete, huku Pemba, akajibiwa, akasaini. Waandishi wengi wa Kiswahili tunaowasoma wamepita njia hiyo, na mpaka leo iko wazi: Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam, Longhorn na East African Educational Publishers za Nairobi, wote hupokea miswada kutoka kwa mwandishi mwenyewe. Kwa hiyo nilipomwambia kwamba natafuta wakala, yaani mtu wa kati wa kuniuzia riwaya yangu kwa wachapishaji, alininyamazia kidogo, kisha akaniuliza swali ambalo nimeulizwa na watu wengi tangu siku ile. "Mwanangu, jasho lako umgawie mtu wa nini, na mlango wa mchapishaji unaujua?"

Maalim alikuwa na haki ya kuuliza, na kila anayeandika kwa Kiswahili ajiulize hivyo kabla ya kumaliza bando lake mtandaoni. Kama riwaya yako ni ya Kiswahili na wasomaji wako wako Afrika Mashariki, wakala wa London hana la kukufanyia. Hasomi lugha yako, hawajui wahariri wa Nairobi, na fedha ya vitabu vya huku haimtoshi kuhangaikia. Mpelekee mchapishaji mwenyewe, au ushindanishe mswada. Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hupokea miswada ya Kiswahili ambayo bado haijachapishwa, na mwaka 2015 Mpemba mwenzetu Mohammed Ghassani aliipata kwa ushairi. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu nayo ipo. Hizo njia mbili hazihitaji wakala wala Kiingereza.

Kisa changu ni kingine. Riwaya yangu nimeiandika kwa Kiingereza, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Inahusu mjane wa Mtambwe, mikarafuu aliyorithi kwa baba yake, na kaka zake wanaotaka kuivusha karafuu yake kwa magendo kwenda Mombasa. Watu niliowakusudia kwanza ni watoto wa ndugu zangu waliozaliwa Uingereza, ambao shamba la babu yao wanalijua kwa picha tu na Kiswahili chao kinaishia kwenye salamu. Sasa, ukishaingia katika soko la Kiingereza unaingia na taratibu zake. Wapo wachapishaji wadogo wanaopokea mswada kwa mwandishi, lakini nyumba kubwa za uchapishaji za London na New York karibu zote haziufungui ila umeletwa na wakala. Mhariri anamjua wakala, anajua jicho lake, na anaamini kwamba kilichomfikia kimeshachujwa.

Niliyojifunza mwanzo, na ambayo yalinipangia kazi yote iliyofuata, ni kwamba wakala hauzi kitabu. Anauza haki. Haki ya kuchapisha kwa Kiingereza Uingereza, haki ya kuchapisha Marekani, haki ya tafsiri ya Kifaransa, ya Kijerumani, ya Kiarabu, haki ya kitabu cha kusikiliza, haki ya filamu. Kila moja inaweza kuuzwa peke yake, kwa mtu mwengine, kwa bei nyengine. Malipo yake ni kamisheni: kwa kawaida asilimia 15 ya kinachouzwa kwenye soko la kwao, na asilimia 20 kwa mauzo ya nje na tafsiri, kwa kuwa huko hugawana na wakala mwenziwe. Dalali wa mnada wa samaki hapati kitu mpaka samaki anunuliwe, na wakala ni hivyo hivyo. Hapokei senti kabla hujapokea wewe. Nilishika hilo moja, na limenikinga na mengi.

Uwakala hauna chuo wala leseni. Mtu yeyote anaweza kuamka asubuhi akajiita wakala, na hapo ndipo mtandao unapokuwa msaada mkubwa na hatari kubwa kwa wakati mmoja. Uingereza kuna chama chao, Association of Authors' Agents, kilichoanzishwa mwaka 1974. Marekani kuna Association of American Literary Agents, na wanachama wake hawaruhusiwi kumtoza mwandishi ada ya kumsomea mswada. Orodha za wanachama zimewekwa wazi kwenye tovuti zao. Kutokuwemo si dhambi, maana wapo mawakala wazuri wasiojiunga, khasa vijana wanaoanza, lakini kuwemo ni dalili njema ya kuanzia.

Mimi lakini sikuanzia huko. Nilianzia kwenye kabati la vitabu la hoteli. Binamu yangu anafanya kazi hoteli moja ya Nungwi, na kama hoteli nyingi za Unguja, ina rafu ambayo wageni huacha vitabu wanapomaliza likizo. Riwaya za miaka ya karibuni, nyengine zimevimba kwa maji ya bahari, mchanga bado uko kwenye mshono. Nilimwomba anipigie picha ukurasa wa shukrani wa kila riwaya inayohusu familia, ardhi, kijiji au uhamiaji. Waandishi wa Kiingereza wana ada nzuri: mwisho wa kitabu humshukuru wakala wao kwa jina. Picha zilikuwa zikiingia kwenye WhatsApp usiku, baada ya zamu yake kumalizika, nami nikiandika: jina la kitabu, mwaka, mchapishaji, wakala. Orodha iliyotoka kwenye rafu ile ilikuwa na maana kuliko orodha yoyote niliyoipata tayari mtandaoni, kwa sababu kila jina lilikuwa limeshathibitishwa. Mtu huyu ameuza riwaya inayofanana na yangu, kwa mchapishaji ninayemjua, na mwandishi wake kamshukuru.

Baada ya hapo ndipo tovuti zikafuata, na kila moja ina kazi yake.

Manuscript Wish List ni pahala ambapo mawakala wenyewe hueleza wanachokitamani. Jambo hili lilianza kama alama ya reli kwenye Twitter, na mawakala wengi waliendelea kuandika huko hata jina lilipobadilishwa kuwa X. Tangu X ilipofungwa nchini mwezi Mei 2025, tovuti yenyewe imenitosha. Hapa nina neno kwa watu wa visiwani. Ukitafuta kwa neno "Afrika" utapata mawakala wengi wanaosema wanataka sauti za Afrika, lakini ukisoma kwa utulivu unaona wengine wanataka hadithi za majini na falme za kubuni, wengine wanataka vitabu vya vijana, wengine wameliandika tu kwa kuwa ni jambo zuri kuliandika. Nilipoacha kutafuta kwa pahala nikatafuta kwa kisa chenyewe, yaani urithi, ugomvi wa ndugu juu ya ardhi, mwanamke anayeshikilia shamba, hapo wakatokea watu ambao hawakuitaja Afrika popote lakini riwaya yangu ilikuwa halali yao. Wakala aliyenichukua alitoka kwenye kundi hilo la pili.

QueryTracker ina kazi tofauti. Waandishi huandika humo walituma lini, walijibiwa lini na walijibiwa nini, kwa hiyo ukifungua jina la wakala unaona kama hujibu baada ya wiki mbili, miezi mitano, au hajibu kabisa. Sehemu ya bure inatosha kuanzia. Kwa mtu aliye mbali faida yake ni utulivu wa moyo. Unapojua kwamba bwana fulani huchukua miezi minne kwa kila mtu, hukai ukifikiri barua yako imekwama kwa sababu imetoka Pemba.

Publishers Marketplace ndiko yanakotangazwa mauzo: nani kauza kitabu gani, kwa mhariri gani. Hii inalipiwa kwa mwezi, ila ina pasi ya siku moja kwa anayetaka kupekua tu. Nilikaa na orodha yangu mpaka ikakamilika, ndipo nikanunua siku hiyo moja, siku ya Jumapili ambayo sina skuli, nikapitia jina baada ya jina. Bei hawaziandiki waziwazi, bali wana maneno yao. Wakisema "nice deal", ni mpaka dola 49,000. "Very nice deal" ni kuanzia dola 50,000 mpaka 99,000, na "major deal" ni dola 500,000 na kuzidi. Mimi sikujali bei. Nilikuwa naangalia kama mtu huyu ameuza riwaya za watu wazima katika miaka ya karibuni, na kauzia nyumba gani. Mawakala wengine wana tovuti za kupendeza na maneno matamu, lakini ukiingia humo hukuti hata uuzaji mmoja wa riwaya. Hao nikawapiga mstari.

Halafu kuna tovuti ya shirika la uwakala lenyewe, na hii ndiyo yenye neno la mwisho. Yote uliyosoma kwengine huenda yamepitwa na wakati. Wakala kahama, amekwenda likizo ya uzazi, amefunga mlango wa kupokea miswada mpaka mwaka ujao. Kabla ya kutuma nilikuwa nafungua ukurasa wake na kusoma maagizo upya, hata kama niliyasoma juzi.

Kuna jambo watu wa Zanzibar huniambia mara nyingi tangu Abdulrazak Gurnah alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi tarehe 7 Oktoba 2021: mwandikie wakala wake. Ni kweli kwamba jina la shirika linalomwakilisha si siri, ni Rogers, Coleridge & White la London, wanaomwakilisha pia Kazuo Ishiguro. Lakini shirika ni watu wengi, na kila mmoja ana waandishi wake na ladha yake. Wakala mwenye washindi wa Nobel mezani muda wake umeshachukuliwa. Katika shirika hilo hilo, au jengine kama hilo, kuna wakala kijana aliyepandishwa juzi kutoka usaidizi, anayejenga orodha yake mwenyewe na kusoma usiku kucha. Huyo ndiye wa kumwandikia. Nimeona pia kwamba yapo mashirika yenye mazoea ya muda mrefu na waandishi wa bara hili, kama Blake Friedmann la London na Pontas la Catalonia, na kwao huhitaji kueleza kwa nini mtu wa Pemba ana riwaya.

Barua yenyewe ilinisumbua kuliko riwaya. Sisi barua zetu huanza kwa salamu, hali, dua, ndipo tukafika kwenye haja, na mtu mwenye adabu hajisifu. Barua ya kumwandikia wakala ni ukurasa mmoja, maneno mia tatu hivi, na inamtaka mwandishi aingie kwenye kisa mara moja. Nani, anataka nini, nani anamzuia, na akishindwa atapoteza nini. Kishawishi kikubwa kwa mtu wa huku ni kuanza kumsomesha msomaji: Pemba iko wapi, karafuu zilifikaje, msimu ni lini. Yote hayo yana raha yake, lakini wakala hakufungua barua ili asome jiografia. Aya yangu ya kwanza ilibaki hivi, kwa Kiswahili chake: "Salma ni mjane wa Mtambwe, na ana mikarafuu arobaini aliyorithi kwa baba yake. Msimu unapoanza, kaka zake wanafika na magunia yao." Magunia yalitosha. Mtu wa London asiyejua karafuu inavyonuka anajua kilichokuja kufanywa.

Wanataka pia utaje vitabu viwili vitatu vya karibuni vinavyofanana na chako, vya miaka mitatu minne iliyopita, ili wajue kitakaa rafu gani dukani. Kwa anayeishi pahala pasipo na duka la riwaya za Kiingereza hili ni gumu. Mimi nilirudi kwenye picha za binamu yangu, na kurasa za mwanzo ambazo maduka ya vitabu mtandaoni hukuruhusu kusoma bure. Kuhusu nafsi yangu niliandika sentensi mbili: nasomesha Kiingereza skuli ya sekondari Wete, na hadithi fupi yangu moja imetoka kwenye jarida la mtandaoni. Hakuna anayekutaka uwe na shahada ya uandishi.

Desturi za nchi mbili hazifanani, na ni vyema kuzijua. Uingereza aghalabu hutaka sura tatu za mwanzo pamoja na muhtasari wa kisa kizima, mpaka mwisho wake, bila ya kuficha nani kafa. Marekani wengi hutaka barua na kurasa tano au kumi tu, tena zibandikwe ndani ya barua pepe, kwa kuwa viambatisho vya watu wasiowajua hawavifungui. Maandishi yawe Times New Roman ya saizi 12, mistari iachane mara mbili. Wengi sasa hupokea kwa fomu ya mtandaoni iitwayo QueryManager. Fomu hizo usizijaze moja kwa moja ukiwa kwenye mtandao wa kwetu. Umeme ukikatika au bando likiisha katikati, ulichoandika kimekwenda. Andika kila kitu pembeni, kihakiki, kisha ukihamishie kwa pamoja.

Nilituma kwa mafungu madogo na sikuwatumia wote mara moja, na ningemshauri kila mtu afanye hivyo, kwa sababu majibu yenyewe ni mafunzo. Barua zikirudi kavu bila ya mtu kuomba kurasa zaidi, ubaya uko kwenye barua. Wakiomba kurasa kisha wakakataa, tazama sura za mwanzo. Wakiusoma mswada wote na kukataa, basi kuna kitu katikati au mwishoni. Usitume karibu na maonesho makubwa ya vitabu, ya London mwezi wa Machi na ya Frankfurt mwezi wa Oktoba, wala wiki za mwisho za Disemba. Na kutojibiwa ni jibu. Mashirika mengi huandika waziwazi kwamba kama hukusikia kitu baada ya wiki kumi na mbili, wamekataa.

Katika kungoja huko, mwezi wa Ramadhani, nilirudi kutoka tarawehe nikakuta barua pepe ndefu. Aliyeandika alijitambulisha kwa jina la wakala wa kweli wa New York, mtu ambaye nilishamsoma na kumwekea alama kwenye orodha yangu. Alisema amevutiwa na maandishi yangu, kwamba mchapishaji mkubwa ameshaonesha hamu, na kwamba kilichobaki ni mswada kupitishwa kwa mhariri aliyeidhinishwa, kwa gharama ndogo ambayo ingerejeshwa nikisaini. Kiingereza kilikuwa safi kabisa. Aliisifu hata hadithi yangu fupi, na kumtaja mhusika wake kwa jina.

Niliisoma anwani herufi kwa herufi. Jina la shirika lilikuwa limeongezwa "s" moja mwishoni. Nikafungua tovuti ya shirika lenyewe, na chini kabisa ya ukurasa kulikuwa na onyo kwamba kuna watu wanaotumia majina ya mawakala wao kuwaibia waandishi. Nikawaandikia kwa anwani iliyo kwenye tovuti yao, na kesho yake wakanijibu kwamba barua ile si yao. Kisha nikapekua Writer Beware, kazi ya kuwaonya waandishi juu ya matapeli inayofanywa tangu mwaka 1998 chini ya chama cha waandishi wa riwaya za sayansi na njozi cha Marekani, na nikaukuta utapeli wa namna hiyo hiyo umeelezwa hatua kwa hatua: jina la kweli, anwani ya uongo, mchapishaji mkubwa anayengoja, ada ya kitu fulani. Leo ada huitwa uhariri, kesho bima ya kitabu, keshokutwa usajili wa haki.

Nayaandika haya kwa kirefu kwa ajili ya mwenzangu mmoja wa Unguja, mwalimu kama mimi. Yeye barua kama hiyo ilimkuta peke yake. Alilipa zaidi ya mshahara wake wa mwezi, akaombwa tena, akalipa tena. Alichoumia zaidi si fedha. Kwa miezi alikuwa ameshawaambia wazee wake kwamba kitabu chake kimepokelewa Marekani. Watu wanaofanya kazi hii wanajua hasa wapi pa kugusa: wanamtafuta mtu aliye mbali, aliyengoja sana, ambaye hana wa kumuuliza. Kwa hiyo uliza. Niandikie mimi, mwandikie mwandishi yeyote unayemwona ametangulia. Wakala wa kweli ana barua nyingi kuliko anazoweza kuzisoma, na ni nadra mno kumwandikia yeye kwanza mtu ambaye hajachapisha kitabu. Akikuandikia kweli, hatokuomba fedha.

Wakala wangu aliomba mswada kamili, kisha akaomba tuzungumze kwa video. Alitaja saa tisa mchana ya London. Kwetu wakati ule ilikuwa saa kumi na mbili jioni, magharibi inaingia, nikamwandikia kwamba ni wakati wa sala, tusogeze mbele kwa saa moja. Alisogeza bila ya neno. Nilikaa ofisi ya walimu, ambako mtandao hushika vizuri, na daftari la masuali mbele yangu. Kwa desturi yao, huyu anayekutaka anangoja kuulizwa, na mwandishi asiyeuliza humtia wasiwasi. Nikamuuliza riwaya ipi aliuza mwisho na kwa nani. Ataipeleka kwa wahariri gani kwanza, na kwa nini hao. Anataka nibadilishe nini ndani ya kisa. Nani anashughulikia tafsiri. Tusipouza hii, atasoma ya pili? Nikitaka kuondoka, nitoe ilani ya muda gani? Alijibu yote, na alipokuwa hajui alisema hajui. Nikaomba wiki mbili niwaarifu mawakala wengine waliokuwa na mswada, kama ilivyo ada, naye akaona ni sawa.

Suala la mwisho daftarini ndilo tulilolijadili kwa muda mrefu zaidi. Mchapishaji wa London anaponunua haki ya Kiingereza, kwa kawaida hununua Uingereza pamoja na nchi za Jumuiya ya Madola, na Tanzania na Kenya zimo humo. Maana yake kitabu kuhusu Mtambwe kitakuja Wete kutoka London, kwa bei ya London, na mchapishaji wa Dar au Nairobi aliyetaka kukitoa kwa bei ambayo mwalimu anaweza kulipa hana ruhusa. Nilimwambia siwezi kuandika kuhusu watu hawa kisha wakakiona kwenye rafu ya uwanja wa ndege tu. Alinieleza kweli, bila ya kunipa ahadi: haki ya Afrika Mashariki anaweza kuiomba ibaki nje, wachapishaji wengine hukubali na wengine hawakubali, na itategemea nani ananunua. Tukakubaliana kwamba ataomba kila mara, na kwamba jambo hilo liingie kwenye barua ya makubaliano yetu.

Haki ya Kiswahili ilikuwa rahisi. Mkataba wa uwakala ulioletwa ulisema "lugha zote duniani". Niliomba Kiswahili kitolewe, kiwe changu, nikiuze mwenyewe na yeye asichukue asilimia. Alikubali siku ile ile, kwa kuwa hana mnunuzi wa Kiswahili na hakuwahi kumtafuta. Ni mstari mmoja tu ulioongezwa, lakini bila ya kuomba usingekuwemo. Anayeandika kwa Kiingereza kutoka huku auombe.

Mengine yalipita haraka. Kuna fomu ya kodi ya Marekani, W-8BEN, ambayo nilijaza mapema nikitumia nambari yangu ya TIN. Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo kikiuzwa huko, asilimia 30 ya mrabaha itakatwa kabla haijanifikia. Nilipenda kulijua hilo kabla ya fedha yoyote kuwepo.

Sasa mswada uko kwa wahariri. Nilimwomba wakala tangu mwanzo anipelekee kila jibu kama lilivyo, hata likiwa chungu, na ndivyo afanyavyo. Waliokataa nimewasoma wote. Mmoja alisema mjane amempenda lakini kaka zake hawakumtosha, wote wanafanana, na nadhani ana haki, nimeanza kumpa yule mdogo sura yake mwenyewe. Mhariri mwengine ameomba kuzungumza nami wiki ijayo. Nimeshamwambia wakala iwe baada ya isha.